Kundi la kuacha pombe na bangi Lubumbashi: jinsi ya kujenga kikao ambacho watu wanasema ukweli

Mtu anayekaa kimya katika kikao cha kuacha pombe hajakosa maneno. Amepiga hesabu. Anajua kwamba mama aliyeketi mbele yake anasali pamoja na mke wake, kwamba kijana wa pembeni anaendesha pikipiki kwenye avenue yao, na kwamba kule kwenye mitaa ya Katuba au Kenya, hapahapa mjini, habari humtangulia mwenyewe kufika nyumbani. Akisema leo, kesho itamgharimu nini? Kazi ya mwongozaji ni kuishusha gharama hiyo, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla viti havijapangwa.

Mwongozo huu ni kwa anayeanzisha au kuendesha kundi la kusaidiana mjini: muuguzi, mtu wa parokia, au mtu aliyeacha mwenyewe na anataka kuwashika wenzake mkono.

Kabla ya yote: mwili

Kundi la mazungumzo halitibu mwili uliozoea pombe. Mtu anayekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, kila siku, ambaye asubuhi mikono hutetemeka hadi apate kikombe cha kwanza, asiambiwe "acha leo". Pombe ikikatwa ghafla, jasho na kutetemeka huanza baada ya muda wa saa 6 hadi 24. Kifafa kinaweza kumpiga ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwapo huku homa ikipanda. Hali hiyo inaua. Vilevile kwa aliyezoea kumeza diazepamu, dawa ya kutuliza, kila siku kwa muda mrefu. Hao waonwe kwanza na daktari, katika hospitali kubwa kama Jason Sendwe au kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, kisha waje kwenye kundi.

Na mtu aliyekunywa pombe ya kienyeji akaanza kuona ukungu machoni, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Inaweza kuwa methanoli, na methanoli hupofusha.

Nani aingie, na nani asikae na nani

Watu 6 hadi 12 wanatosha. Wakiwa chini ya 5, kila mmoja anahisi macho yote yako juu yake. Wakizidi 12, dakika za kila mtu zinakwisha kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Waongozaji wawe wawili, ili mmoja akitoka nje na mtu anayelia, mwingine abaki na kundi.

Kila mgeni aongee kwanza na mwongozaji mmoja, peke yao, kama nusu saa. Maswali matatu yanatosha: nini kimekuleta sasa, na si mwaka jana? Kuna mtu ambaye ukimkuta humu hutaweza kufungua mdomo? Na nyumbani au kazini wakijua unakuja hapa, kitatokea nini?

Swali la pili ndilo linalookoa vikao vingi. Mkwe na mama mkwe hawawezi kukaa duara moja wakasimuliana walivyoanguka mtaroni. Heshima ya ukwe haiondolewi na kanuni za kundi. Mfanyakazi hasemi mbele ya bosi. Mwenye deni hasemi mbele ya anayemdai. Mama anayepika lutuku ili alishe watoto, na ambaye naye sasa hawezi kuiacha, anakaribishwa kwa mikono miwili, ila asikae kundi moja na wateja wake. Ukigundua uhusiano wa namna hiyo baada ya watu kuketi, umechelewa: watarudi mara moja, kisha hutawaona.

Wanawake wapewe kundi lao, hata wakiwa watatu, na mwongozaji mwanamke. Mwanaume mlevi anachekwa, mwanamke mlevi anatukanwa hadi watoto wake, na mengi anayohitaji kusema yanahusu yale ambayo wanaume walimtendea alipokuwa amelewa.

Sharti la kuingia liwe moja tu: hamu ya kuacha. Alcoholics Anonymous, kundi lililoanzia Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935, limeshika sharti hilo hadi leo. Usidai mtu awe ameacha tayari, wala awe wa kanisa fulani.

Mahali, saa na pesa

Chagua jengo lenye shughuli nyingi, ili anayeonekana akiingia asijulikane amefuata nini: kituo cha afya, ukumbi wa parokia, shule wakati wa alasiri. Mtu wa Ruashi mara nyingi huona afadhali apande basi hadi Kamalondo kuliko kuingia mlango ambao jirani zake wanaupita.

Darasa lina kasoro yake. Mabenchi yakielekea ubaoni, mwongozaji anakuwa mwalimu na watu wanasubiri somo. Yageuze. Panga duara moja lisilo na meza katikati, viti vya aina moja, mwongozaji asikalie kiti kikubwa. Karibu na mlango acha viti viwili vitupu kwa atakayechelewa na atakayetaka kutoka kidogo, asilazimike kukatiza mbele za watu.

Kuanzia Novemba hadi Machi, fikiria bati. Mvua ikipiga juu ya paa, sauti ya chini haisikiki, na hakuna mtu wa kupaza sauti akisema "nilimpiga mtoto wangu". Mvua ikianza mtu akiwa katikati ya maneno yake, inua mkono, sema "tunakungoja, baba", sogezeni viti hadi magoti yakaribiane, na mkae kimya hadi ipungue. Dakika hizo zimshikie nafasi yake, zisimpite.

Saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni panafaa: watu wametoka kazini, na akina mama hawachelewi sana kufika nyumbani. Ukimudu kikao kimoja kwa wiki, kiwe kazi tano, yaani Ijumaa, maana siku ya posho, yaani Jumamosi, ndiyo inayowavuta wengi kwenye pombe. Ukimudu viwili, cha pili kiwe kazi moja, Jumatatu, kwa ajili ya yaliyotokea wikendi. Wiki ya mishahara usiahirishe kikao kwa sababu yoyote.

Toa chai na mkate. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, hapana: ukiwa mbichi hauna neno, lakini kadiri unavyokaa unachachuka na kupata kilevi, na hujui wa leo umekaa siku ngapi.

Usilipe nauli ya kuhudhuria. Tunajua mji umezoea kwamba anayeitwa kwenye mkutano hurudishiwa usafiri. Hapa pesa hiyo inaharibu, kwa kuwa mtu akihisi amelipwa ili aseme, atasema unachotaka kusikia. Anayetoka mbali kabisa asaidiwe kwa siri. Na msifungue likelemba, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, ndani ya kundi. Aliyekunywa hela ya zamu yake atakuwa na aibu mbili, ya pombe na ya deni, na ya pili ndiyo itakayomfukuza.

Ahadi ya siri

Wengi husema "tutunze siri" wakadhani wamemaliza. Neno hilo peke yake halishiki, kwa sababu kila mtu ana mmoja ambaye moyoni hamhesabu kama mtu wa nje: mke, pacha wake, mchungaji. Ahadi iseme mambo kwa majina yake, na isomwe mwanzo wa kila kikao, kila mara na mtu mwingine:

"Jina la mwenzangu na maneno yake yanabaki humu. Nyumbani naweza kusema yangu, ya mwenzangu siyasemi: kwa mke wala mume, kwa mchungaji, hata siku nikiwa nimemkasirikia. Nikimkuta sokoni namsalimia kama ninavyomsalimia mtu yeyote, wala sitamuuliza habari za kikao mbele ya watu."

Baada ya hapo mwongozaji aeleze mipaka bila kuficha: mtu akitaka kujiua, akitaka kumuua mwingine, au mtoto akiwa anaumizwa, waongozaji watatafuta msaada nje, na mwenyewe ataambiwa kwanza. Ukiahidi siri isiyo na mpaka, siku utakapolazimika kuivunja utapoteza kundi zima.

Karatasi ya mahudhurio ndiyo adui asiyetajwa. Wafadhili hupenda jina, namba ya simu na sahihi. Lakini sheria ya Kongo inakataza bangi, na karatasi yenye majina ya wanaoivuta ni kitu ambacho hutaki kikutwe mezani kwa mtu yeyote. Andika hesabu tu: wanaume wangapi, wanawake wangapi, wageni wangapi. Mfadhili akikataa hesabu bila majina, mweleze sababu. Akikataa tena, kundi linaweza kuishi bila yeye, kwani chai na mkate wanakundi wanaweza kuchangia wenyewe.

Simu zote ziingie kwenye kikapu zikiwa zimezimwa, isipokuwa moja ya kupima muda. Picha hakuna, hata ya migongo. Kundi la WhatsApp, kama lazima liwepo, lipewe jina lisilosema kitu na litumike kutangaza saa na mahali tu. Skrini huwaka juu ya meza watoto wakiwepo.

Siri ikivuja, usingoje ipoe. Ndani ya wiki hiyohiyo ongea na aliyevujisha, kisha nenda kwa aliyeumia umwombe radhi kwa niaba ya kundi. Kikao kinachofuata sema wazi kwamba neno limetoka nje, bila kutaja ni la nani wala nani kalitoa. Aliyevujisha akae nje mwezi mmoja, na akirudia asirudi. Mwongozaji anayefunika mvujo ili "asilete fujo" atawaona watu wakiendelea kuja, lakini wakizungumzia hali ya hewa na bei ya unga.

Dakika 90

Dakika 10 za mwanzo ni za chai, ahadi, na kila mtu kusema jina analotaka kuitwa. Si lazima liwe la kitambulisho. "Baba Junior" au "Yaya" linatosha.

Kisha mzunguko, dakika 4 kwa kila mtu. Watu 12 ni dakika 48. Ambaye hataki anasema "napita", na haulizwi sababu. Waambie wageni hili mapema: mtu akijua anaweza kupita, kifua kinashuka, na mara nyingi wiki ya tatu au ya nne anaanza mwenyewe. Asiyeruhusiwa kupita hutunga uongo, na uongo huo utamfunga, kwa sababu wiki ijayo itabidi auendeleze.

Muda ukatwe na kengele ya simu iliyowekwa katikati ya duara. Kijana hawezi kumwambia muzee anyamaze bila kuonekana hana adabu, simu inaweza. Kengele ikilia msemaji amalize sentensi yake.

Baada ya mzunguko, dakika 20 za kurudi kwenye jambo moja au mawili yaliyogusa. Dakika 12 za mwisho, kila mtu aseme atafanya nini kati ya sasa na kesho usiku, jambo dogo linaloonekana: atapita njia gani akitoka kazini, hela atamwachia nani, atampigia nani saa mbili usiku.

Ushuhuda, na kwa nini unafunga midomo

Hapa ndipo makundi mengi ya mji huu yanakwama. Wengi wetu tumejifunza kusema habari zetu mbele za watu kanisani, na ushuhuda una umbo lake: nilikuwa gizani, niliombewa, nimefunguliwa, haleluya. Ni umbo zuri mahali pake. Kwenye kundi la kuacha pombe linamwacha nje mtu aliye katikati, aliyeombewa mara tano na jana amekunywa. Akisikia watu watatu mfululizo wamefunguliwa, atasema naye amefunguliwa, kisha ataenda kunywa peke yake akiwa na mzigo wa uongo juu ya mzigo wa pombe.

Dawa yake ni msemaji wa kwanza. Mteue kabla ya kikao, awe mtu mwenye miezi kadhaa bila kunywa, na mwombe asimulie jambo ambalo bado halijaisha. Mwelekeze hivi: sema wiki hii ulitamani wapi na saa ngapi, ulifanya nini, na kipi bado hukijui. Kwa mfano: "Kazi tatu nilipokea hela ya kibarua. Nilipofika njia panda, miguu ilikata kushoto kabla sijaamua. Nilisimama hapo muda mrefu. Nilirudi, lakini sijui kazi tatu ijayo itakuwaje." Watakaofuata wataiga urefu, kina na mwisho ulio wazi. Akianza na ushindi, mtapata ushindi duara zima.

Sala iwepo kwa wanaotaka, baada ya kikao kufungwa, si kama jibu kwa mtu aliyetoka kusema. Anayeambiwa "hilo ni pepo, tukuombee" wakati bado anatafuta maneno ameambiwa anyamaze, hata kama aliyesema hivyo ana nia njema kabisa.

Msemaji asitaje nganda (baa) aliyokunywea, bei, wala ladha. Maelezo ya namna lutuku inavyoshuka kooni huamsha hamu kwa kila aliyeketi hapo. Mrudishe taratibu: "Acha kikombe, tuambie wewe ulikuwaje."

Kuuliza, kunyamaza, kujibu

"Kwa nini ulikunywa?" humfanya mtu ajitetee, na pombe imemfundisha kujitetea vizuri kuliko wewe unavyojua kuuliza. Uliza "nini kilitangulia?" au "siku hiyo ilianzaje?" Badala ya "umeacha?", uliza "wiki ilikuwaje?" Swali lenye jibu la ndiyo au hapana linampa mlango wa kutokea.

Lugha ni ya nyumbani. Mtu akihamia Kifaransa ghafla, mara nyingi ameanza kutoa hotuba ili asihisi. Usimkatize, mwulize swali linalofuata kwa Kiswahili. Na anayelia kwa Kiluba au Kibemba alie hivyo, hahitaji mkalimani.

Mtu akimaliza, hesabu moyoni hadi 10 kabla hujatia neno. Nusu ya mambo mazito hutoka katika kimya hicho, baada ya "ni hayo tu". Mwongozaji mwoga hukijaza, na jambo linarudi tumboni.

Kisha rudisha ulichosikia kwa maneno machache: "Ulirudi nyumbani, watoto wakakimbilia chumbani." Nyamaza tena. Usitafsiri, usiongeze.

Ushauri hautolewi ila mtu auombe. Kanuni hii ndiyo ngumu kuliko zote katika jamii ambayo mkubwa anayenyamaza mbele ya tatizo huonekana hana upendo. Wape wakubwa njia nyingine ya kusaidia: waseme "mimi yalinikuta hivi, nikafanya hivi", wakianza na "mimi", si "wewe inabidi". Wazee wakipewa njia hiyo huwa nguzo za kundi, kwa kuwa vijana hawajawahi kumsikia mtu wa umri wa baba yao akisema aliogopa.

Kicheko cha pamoja kinaruhusiwa. Utani wa kabila au wa mtu anatoka mkoa gani, usimamishe papo hapo, hata kama mwenye kutaniwa anacheka.

Siku mtu anaporudi baada ya kunywa tena

Uso wa kundi katika sekunde tano za kwanza huamua kama wengine watasema ukweli mwezi mzima unaofuata. Wote wanamtazama yeye, kisha wanakutazama wewe. Sentensi ya kwanza iwe "asante kwa kurudi". Usiseme "pole" kwa sauti ya msiba, usitikise kichwa, usihesabu siku alizopoteza.

Halafu rudini nyuma pamoja, polepole, kutoka kikombe hadi saa chache kabla, hadi siku moja kabla, hadi mahali alipoacha kumpigia mwenzake. Karibu kila mara kuna mahali ambapo njia iligawanyika kabla pombe haijaonekana: ugomvi, mshahara uliochelewa, msiba ambako wote walikuwa wanakunywa. Mahali hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Mkumbushe jambo moja la mwili: aliyekaa muda bila dawa za maumivu zinazolevya kama tramadoli, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa, kwa sababu mwili umepoteza mazoea.

Anayekuja kikaoni akiwa amelewa asifukuzwe barabarani. Mwongozaji wa pili akae naye nje, ampe chai, ahakikishe anafika nyumbani, na amwambie "njoo kikao kijacho ukiwa hujanywa siku hiyo".

Na ukisikia "afadhali nife", uliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hadi amefikishwa kwa ndugu anayemwamini na kwa daktari.

Baada ya kikao

Ndani ya siku mbili, mpigie aliyesema jambo zito. Usiku wa kwanza baada ya kusema ukweli mkubwa, watu wengi hujuta na kuapa hawarudi. Simu ya dakika tatu inatosha: "Nimekupigia tu kujua umeamkaje." Usirudie alichosema, huenda yuko na watu.

Waongozaji wawili wakae dakika 15 baada ya watu kuondoka na kuulizana: nani hakusema, nani alisema sana, wapi tuliharakisha? Hesabu ya waliohudhuria haionyeshi kama kikao kimefunguka. Dalili ni hizi: watu wanasema walichotamani kabla hawajakinywa, wanapingana na mwongozaji bila kuogopa, na aliyerudia pombe anakuja wiki hiyohiyo badala ya kutoweka kwa miezi.

Kundi likifika 12 na bado wageni wanagonga, ligawe. Kila upande uchukue mwongozaji mmoja, atakayetafutiwa mwenzake, na wazoefu angalau watatu, na ndugu wawili walioshikana sana msiwatenganishe. Watangazie wiki nne kabla, ili waliozoeana wapate muda wa kuagana.